Cusco, Peru: msiifanye stendi tu ya kwendea magofu ya Machu Picchu

Nimerudi Dar wiki iliyopita na mpaka leo nikifumba macho naona kuta. Kuta za mawe, sio kingine.

Nlimfuata mdogo wangu anasoma São Paulo, akanambia dada umeshafika huku mbali hivi usirudi bila kuiona Peru, basi tukaunga ndege mpaka Lima, na kutoka Lima nyingine ya kama saa moja na dakika ishirini tukatua Cusco. Nianze na kilichoniuma. Wakala wa hapa Dar aliyetupangia ratiba alituwekea Sacsayhuamán, magofu ya ngome ya Wainka kilimani juu ya mji, mchana uleule tuliofika, yani mtu kazoea Mbagala, katoka Lima ambako nako ni pwani, unamshusha mita 3,400 halafu saa chache baadaye unampandisha kilima kingine. Kwa mliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo umeshaipita Mandara unaitafuta Horombo, na kule unafika kwa miguu yako pole pole, siku ya pili, huku unafikishwa umekaa kwenye siti. Kichwa kilinigonga vibaya, ngazi kumi tu nahema kama nimetoka mbio Ubungo mpaka Magomeni. Mama mwenye gesti akaniangalia mara moja tu, akaleta chai ya majani ya koka, akamwambia mdogo wangu leo huyu haendi popote. Hela ya siku ile ikapotea, ila yule mama nampa nyota zote tano.

Majani ya koka kule ni halali na yanauzwa sokoni mchana kweupe, ila jamani msibebe hata pakiti moja ya chai kurudi nayo, sheria yetu inayahesabu kama dawa za kulevya.

Sasa mji wenyewe. Cusco ndo ulikuwa mji mkuu wa dola ya Wainka, Wahispania wakaingia 1533, na walichofanya hawakuvunja yote, walijenga juu yake. Unatembea kichochoro chini ukuta wa Inka, juu nyumba nyeupe ya Kihispania yenye roshani ya mbao. Mi nlikumbuka Ngome Kongwe ya Unguja, Waomani walivyoijenga palipokuwa na kanisa la Wareno, ila Cusco unaiona kwa macho, tabaka juu ya tabaka, mtaa mzima. Mtaa wa Hatun Rumiyoc kuna lile jiwe la pembe 12, kila pembe imekaa na jirani yake bila udongo wala saruji, hata wembe haupiti. Februari 2025 kuna mtu alilipiga nyundo likabanduka vipande, na makovu yapo, niliumia kuyaona.

Kilichonimaliza kabisa ni Qorikancha, hekalu la jua. Kuta zake zilifunikwa kwa mabamba ya dhahabu, Wahispania wakayabandua, wakajenga kanisa la Santo Domingo juu. Tetemeko la 1950 likaja likabomoa sehemu kubwa ya jengo lao, na kuta za Inka zikabaki zimesimama, tena nyingine zikaonekana upya. Muongoza watalii wetu, kijana mwenye Kikechua cha nyumbani, yani lugha ya Wainka, alituelekeza tuangalie milango: chini mpana juu mwembamba, na ukuta umeegemea ndani kidogo, ndo maana ardhi ikitikisika mawe yanacheza halafu yanarudi mahali pake. Nlikaa pale karibu masaa mawili, mdogo wangu kachoka kunisubiri.

Kanisa kuu nalo muingie, kuna mchoro wa Marcos Zapata wa karamu ya mwisho ya Yesu na mitume, na mezani katikati kawekwa simbilisi, maana ndo kitoweo cha sherehe cha kule.

Tiketi kubwa ya watalii ni soles 130 (hela ya Peru), siku 10, sehemu 16, Sacsayhuamán imo (tulienda siku ya tatu, mawe mengine yanapita tani 100 na wala sikuumwa). Lakini haigusi kanisa kuu wala Qorikancha, hizo unalipa mlangoni, na hili wakala hakutwambia.

Chakula nendeni soko la San Pedro, wamama wanakuita "casera" kama Kariakoo wanavyokuita mteja wangu. Viazi vya kila rangi, maana kiazi chenyewe asili yake milima hiyo, na kuna vile vyeusi vikavu vinaitwa chuño, wanaviacha nje usiku vigande kwa baridi, wanavikanyaga maji yatoke, wanavianika juani, vinakaa miaka. Supu yake nzito na inashibisha, mi nlirudia.

Machu Picchu tulienda, ni pazuri sana, ila watu wengi wanalala Cusco usiku mmoja tu wakimbilie treni, na hapo ndo wanapokosea. Machu Picchu iko chini kuliko Cusco, kama mita 2,430, kwa hiyo kama unaogopa kichwa shukia Cusco upitilize Ollantaytambo, mji mdogo wa njiani ulio chini zaidi, ukalale huko kwanza, halafu rudi Cusco uupe siku nne kamili. Na ukienda Juni beba koti zito la ukweli, sweta la Lushoto halitoshi, usiku mi nlilala na blanketi nne na soksi mbili.