Masaa 3 yaliyozaa 9: uzoefu wangu wa kuiazima sayansi kompyuta yangu

Nina laptopu ya kawaida tu, kore 4 (vitengo vya hesabu ndani ya prosesa) zinazojihesabu kuwa 8, na kwa zaidi ya mwaka sasa, nisipokuwa na shughuli nzito, naiacha iwapigie wanasayansi hesabu zao. Natumia BOINC, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kulekule ilikozaliwa SETI@home, mradi wa kutafuta dalili za viumbe wenye akili huko angani, mwaka 1999. BOINC huchukua vipande vya hesabu, viitwavyo kazi, kutoka seva za miradi ya sayansi, na kompyuta yako ikimaliza huvirudisha. Kuisakinisha ni dakika chache, hapo sina la kusema. Kilichonitoa jasho ni safu moja tu kwenye dirisha lake: muda uliobaki.

Siku ya kwanza nilichagua mradi mmoja (siutaji, maana kosa kubwa lilikuwa langu), nikaingia kwenye mipangilio na kuomba akiba ya kazi za siku 10. Nikajiona mjanja: intaneti ikikatika, mashine haitakaa bure. Zikashuka kazi 112, kila moja imeandikiwa masaa 3, na zote zinatakiwa zirudi ndani ya siku 7. Nikapiga hesabu. Nane kwa mpigo, mizunguko 14, masaa 42, na mimi huwasha laptopu masaa 6 kwa siku. Siku 7 kamili, bila hata dakika ya kupumua, lakini inatosha.

Baada ya saa moja nikachungulia. Asilimia 11. Na ule muda uliobaki, badala ya kushuka, ulikuwa umepanda! Saa nzima kwa asilimia 11 maana yake kazi moja ni kama masaa 9. Siku ya saba ilinikuta nimemaliza kazi 32, nikazifuta 80 zilizobaki ili seva iwape wengine mapema. Feni nayo ilikuwa imevuma wiki nzima kama mashine ya kusaga.

Nilikuja kuelewa baadaye. Wenye mradi hukadiria kazi ina hatua ngapi za hesabu, kisha idadi hiyo inagawanywa kwa kasi ya kompyuta yako. Mwanzoni kasi hiyo hutoka kwenye jaribio fupi ambalo BOINC hufanya yenyewe, liitwalo Whetstone. Sasa jaribio lile ni dogo mno, linaenea lote kwenye kumbukumbu ya ndani ya prosesa. Kazi ya kweli inakwenda na kurudi kwenye RAM, kumbukumbu kuu iliyo nje ya prosesa, na ukiweka nane kwenye kore nne, zinagombania njia ileile. Ni kama kumpima mtu mbio akiwa mikono mitupu, halafu umtwike gunia.

Habari njema ni kwamba seva hujifunza. Ukishamaliza kazi kumi na kitu za aina moja, nayo ikazikubali, huanza kukadiria kwa rekodi za mashine yako yenyewe. Kwangu makadirio yalitulia, tofauti ikawa ya dakika, si masaa. Lakini mradi ukileta toleo jipya la programu yake, rekodi zinaanza upya, kwa hiyo usishtuke.

Siku hizi safu ile siisomi peke yake. Nafungua sifa za kazi, naangalia mistari miwili: muda uliopita na muda wa prosesa. Siku moja nilikuta masaa 9 yamepita ila prosesa imeihesabia kwa masaa 6 tu. Masaa matatu yaliliwa na kivinjari changu chenye vichupo arobaini. Nikapunguza hadi asilimia 75 ya prosesa, yaani kazi 6 badala ya 8, na kila kazi ikawa inakwisha mapema zaidi. Kingine ni kuzima ovyo. Kazi hujihifadhi kwa vipindi, na ukizima katikati unarudi pale ilipojihifadhi mwisho. Niliwahi kulala na asilimia 41, asubuhi nikaamka na 33.

Miradi nayo haifanani. Rosetta@home unachagua mwenyewe kazi iende masaa mangapi, kwa kawaida 8, nayo inatengeneza maumbo ya protini kadiri muda unavyoruhusu. Hapo kukadiria ni mteremko. Climateprediction.net, wale wa mifano ya hali ya hewa, kazi moja inaweza kula siku nyingi, hata wiki. Kwa mashine inayowashwa masaa machache, mimi nisingeanzia hapo.

BOINC ninaipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeiondoa kwa sababu namba ya makisio inaandikwa hadi sekunde, mtu mgeni akiiona anaamini imepimwa. Akiba yangu ya kazi sasa ni nusu siku. Ninavyoandika hivi kuna kazi sita zinakwenda, ya mbele iko asilimia 64, na kwa hesabu yangu itamaliza kabla sijazima.