Nimewekewa Mavis Staples mzima kwa flashi hapa Malindi, kazi ni nusu nusu

Kuna kijana ana kibanda cha simu hapa mjini anaweka nyimbo kwa flashi, wateja wake wengi wanataka taarab na bango za harusi. Mimi nkamwambia nataka Mavis Staples, yule mama mwimbaji wa Marekani, kuanzia alipokua mtoto wa kanisa mpaka uzeeni. Akaniuliza huyo ni wa Tanzania? Ikabidi nimuandikie jina kwa karatasi. Bei mia tatu, flashi yako mwenyewe.

Nianze na kumsifu. Zile za zamani kazipata, za Staple Singers, yaani mzee Pops, babake Mavis, na wanawe walotokea makanisani Chicago. Uncloudy Day ya 1956 ipo na imetoka safi, gitaa la mzee linatetema tu polepole halafu inaingia sauti nzito ya chini kabisa, enzi hizo watu walidhani ni mwanamume kumbe ni Mavis, binti wa sekondari. Nlimbeba mama mmoja wa kwaya kwa tuktuk anaenda Maweni akabisha, huyo ni mwanamume bwana, mpaka ananilipa bado anabisha.

Sasa lawama. I'll Take You There, ile ya 1972 iloshika namba moja Marekani, ndo ameiharibu. Wimbo wenyewe ni besi, mdundo wa Jamaica uliotoka kwa bendi ya Harry J All Stars, ukapigwa upya na wale vijana wapigaji wa studio ya Muscle Shoals kule Alabama, na Mavis katikati anawaita wapigaji mmoja mmoja, akiita "Daddy" linaingia gitaa na wengi hudhani ni babake, kumbe kwa ile rekodi alopiga ni Eddie Hinton. Haya, faili imebanwa mpaka besi yote inasikika kama mtu anagonga ndoo. Na si spika zangu, maana Let's Do It Again ya 1975 inanguruma vizuri tu, ile mwanamuziki Curtis Mayfield aliwatungia ya filamu na mzee Pops akagoma kwanza eti yeye mtu wa kanisa haimbi maneno ya mahaba (mzee alikua na haki kidogo, msikize mwenyewe).

Kingine, amezichanganya. Ukitoka 1956 unarushwa 2010, albamu ya You Are Not Alone alotengeneza na mwanamuziki Jeff Tweedy, iliyompa Grammy yake ya kwanza ashapita miaka 70. Kwa msanii mwingine ningenyamaza lakini huyu utamu wake ni kumfuata kwa mpangilio, gospel, halafu zile za kupigania haki wakiandamana na Martin Luther King, halafu soul ya kampuni ya rekodi ya Stax, mpaka sauti inakwaruza na hapai tena, anakata neno fupi fupi na bado linakuingia. Mimi hio ya uzeeni naipenda zaidi, mnichukie.

Alizofanya na Prince, yule nyota wa Marekani, hakuna hata moja, badala yake kanijazia mwimbaji mwengine kabisa.

Nlirudi, akanipangia folda kwa miaka bila kuniongeza bei na hakununa, hapo nampa heko. Za Prince akasema bando limeisha nipite wiki ijayo. Nyota tatu. Ukienda beba flashi yako, anazouza zimeandikwa giga 32 na zinajaa ukiweka albamu mbili tatu.