Skuta ya umeme ya magurudumu matatu: ndani safi, barabarani ina kasoro

Skuta hizi ndogo za watu wenye shida ya kutembea hukata kona vizuri dukani na kwenye korido. Nje mambo hubadilika. Ukipanda ukingo wa barabara kimshazari, au ukikata kona kwa kasi, chombo huinama na kinaweza kupinduka. Ukingo uuelekee moja kwa moja, polepole. Ya magurudumu manne imetulia zaidi, ila hutaka nafasi kubwa ya kugeuka.

Breki ni ya sumaku: ukiachia wenzo wa mwendo, inajifunga yenyewe. Hapo haina mpinzani. Tatizo ni kile kishikio cha kutenganisha mota ili skuta isukumwe kwa mkono; kikisahaulika bila kurudishwa kwenye mteremko, skuta inabingirika bila breki.

Kiti kiko chini, hivyo dereva wa lori huenda asikuone kabisa. Taa iliyokuja nayo haitoshi; ongeza bendera ndefu ya rangi kali na viakisi nyuma. Na wanaopiga honi wajue kwamba nyingi huishia karibu kilomita 6 kwa saa kwa muundo wake. Mwendeshaji hajivuti.

Betri za risasi, kwa kawaida mbili za volti 12, zichajiwe kila baada ya safari. Zikikaa tupu huharibika.