Taa ya duara ya sm 45 kwa picha za sura za jarida: mtindo upo, ubora uutafute mwenyewe

Taa hii ya LED nimeitumia kupigia picha za sura za ukurasa mzima, lenzi ya mm 85 ikichungulia katikati ya pete. Kwa mtindo haina longolongo: duara jeupe ndani ya macho, uso bila kivuli cha pua, na mtu akisimama karibu na ukuta, kivuli chembamba kinamzunguka kichwa kizima. Wengi wakiliona duara lile machoni wanaipitisha picha papo hapo. Tatizo ni kwamba duara hutokea hata picha ikiwa mbovu.

Linganisha na Martin Schoeller, mpiga picha maarufu wa sura. Machoni mwa watu wake kuna milia miwili ya mwanga, kwa sababu huweka taa ndefu kushoto na kulia kwa kamera. Ifiche milia hiyo kwa kidole: kope bado kali, ngozi bado ina vinyweleo. Ndicho kipimo ninachotumia hapa.

Kuza picha hadi asilimia 100, uanzie kwenye kope za jicho lililo karibu na kamera. Kwa f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), ukiwa mita 1.5, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 3 hivi. Mtu akisogea mbele kidogo, sikio linakuwa kali na jicho linafifia. Kwenye simu huoni kitu. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unadai pikseli 2480 kwa 3508, na hapo aibu yote iko nje. Mimi hupiga f/5.6, tundu dogo zaidi, kina kinafika kama sentimita 10.

Rangi ndipo taa iliponiangusha. LED hafifu hukosa wekundu mzito, hivyo ngozi nyeusi inakuwa ya kijivujivu na midomo inapauka (na kuna watakaoliita hilo mtindo!). Piga kadi ya kijivu, sawazisha rangi kwa kadi hiyo, kisha tazama mashavu. Kadi ikikaa sawa na mashavu bado yamepauka, kosa ni la taa. Rangi ambayo haikuwemo kwenye mwanga hairudishwi na programu.

Kasoro nyingine: ukipunguza mwanga sana na kutumia shata (pazia la kamera) ya kasi, michirizi myeusi inakatiza picha, kwa kuwa taa inajizima na kujiwasha haraka mno. Iache juu ya nusu, shata 1/125 ya sekunde, kisha usogeze taa nyuma. Miwani nayo inabeba pete nzima. Inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo vielekee chini.

Nyota 3 kati ya 5. Kwa picha nyeusi na nyeupe ningeipa 4.