Viatu vya shule kutoka karakana ya Morogoro: ngozi safi, soli bado

Ngozi ya viatu hivi ni ya ng'ombe kweli, nene, haijapakwa plastiki juu. Ukiikunja inarudi bila ufa. Mwanangu wa darasa la tano amevivaa masika yote, na ukipitisha kiwi kidogo bado vinang'aa. Mishono ya pembeni ni ya mkono, imepita mara mbili. Kwa shilingi 35,000 sijaona cha dukani kinachovifikia.

Shida iko chini. Soli imebandikwa kwa gundi tu, na cha kulia kilianza kuachama kwenye vidole. Fundi alikishona bila kudai hata senti. Akanieleza kwamba ngozi anaipata hapahapa nchini, ila soli na gundi vinatoka China, naye huchukua zile anazozimudu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ni la mji wetu. Morogoro ilijengewa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Mashine zikaharibika, vipuri hakuna, kuta za alumini katika joto hili bila njia ya hewa. Hakikufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Wakati huo soko lilishafunguliwa na mitumba imejaa.

Leo ngozi ghafi inayouzwa nje inatozwa ushuru mkubwa ili ibaki kwa viwanda vyetu. Nia naiunga mkono. Lakini ushuru huo unambana mfugaji, maana mnunuzi wa nje akiondoka bei inashuka, na ngozi isiyo na bei nani ataitunza? Fundi alinitandazia moja mezani: chapa ya moto ubavuni, makovu ya kupe, mikato ya kisu cha mchunaji. Kipande kikubwa hakikufaa kabisa kwa kiatu. Hapo ndipo ningependa serikali iweke fedha, kwa mfugaji na machinjioni, na ipunguze ushuru wa soli na gundi kwa mafundi wadogo hadi tutakapotengeneza za kwetu.

Viatu nitanunua tena, na wa darasa la pili naye nitampeleka. Ukienda, mwambie fundi ashone soli tangu mwanzo, anaongeza 5,000. Chukua namba moja juu, ngozi hii haitanuki haraka.