Scania 113: uzoefu wangu, na mahali pa kukagua kabla hujanunua

Kwa kazi ya Dar–Tunduma, kichwa cha Scania 113 (lori la kuvuta tela) nakipa alama za juu kuliko vichwa vingi vipya vinavyoingia mjini siku hizi. Toleo hili lilitoka 1987, na kuanzia 1995 likaanza kupisha toleo lililofuata, 4-series. Injini ni ya lita 11, silinda sita kwa mstari mmoja, na zile zenye pampu ya dizeli ya kawaida hazina kompyuta ya kukuzimia gari porini. Fundi mzuri anaimaliza pale pale ilipolala, na spea Gerezani, Dar, zipo.

Kwenye R113, isiyo na pua kama T113, kabini imekaa juu ya injini, kwa hiyo kichwa ni kifupi na kuingiza tela la futi 40 kwenye yadi za Barabara ya Mandela hakukutesi. Wamarekani walizipa kisogo kabini za namna hii baada ya sheria ya 1982 kuacha kubana urefu wa gari zima. Ulaya wanapima mpaka leo, ndiyo maana zao zimebaki bapa. Ubaya wake ni kwamba bodaboda aliyesimama chini ya kioo cha mbele humwoni kabisa. Utingo ashuke aangalie kabla hujaondoka kwenye foleni.

Ukaguzi uanzie kwenye kulaza kabini. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono, gia fri, kabari kwenye tairi. Toa jiko, madumu na jeki, maana kilicholegea chote kitaishia kwenye kioo. Funga milango, geuza vali, piga pampu. Ikigoma katikati, mara nyingi mafuta ya haidroli yamepungua au sili ya jeki ya kabini inavuja. Usiingie chini yake ikiwa nusu. Ilale mpaka mwisho na uweke nondo ya usalama. Ikirudi, hakikisha ndoano za nyuma zimeshika pande zote. Ndoano iliyolika inajulikana: ukikanyaga breki, kabini inainama na kugonga. Muuzaji asiyetaka kabini ilazwe, achana naye.

Huko chini tazama sifongo la kuzuia joto. Likiwa limelowa oili, ling'oe lote uweke jipya, maana hizo ni kuni juu ya turbo. Tazama pia kati ya intakula (kipoza hewa ya turbo) na rejeta. Vumbi na nyasi hujificha hapo, kwa mbele kunaonekana kusafi, halafu ukipanda mlima Kitonga na mzigo mshale wa joto unapanda nao.

Kitu ninachokipenda kwenye injini hii ni sentrifugo ya kusafisha oili. Zima injini ikiwa ya moto, nyamaza, sikiliza: inatakiwa iendelee kuvuma kidogo kabla ya kusimama. Ikiwa kimya, imejaa tope jeusi au bearingi zake zimekwisha. Ifunguliwe kila unapomwaga oili. Wengi wanabadilisha filta tu na kuiruka, na mabushi ya kreki, mhimili mkuu wa injini, ndiyo yanayolipa.

Gia zikiwa ngumu kuingia, usikimbilie kushusha giaboksi. Mkono wa gia unapita kwenye viungo vingi kwa sababu kabini inalala, na bushi zake zikilika unapapasa gia hewani. Badilisha bushi kwanza. Gia za juu zisiposhika, tafuta upepo unaovuja kwenye mipira ya swichi ya kuhamia gia za juu.

Breki nyingi hazijikazi zenyewe. Tairi ikiwa juu, kaza nati ya slaki (mkono wa kurekebisha breki) mpaka laini za breki zishike ngoma, halafu rudisha kati ya robo na nusu mzunguko. Magurudumu yote yawe sawa, la sivyo moja litabeba kazi ya mengine na kuungua. Mwaga maji kwenye matangi ya upepo kila jioni. Unyevu wa Dar unayajaza haraka. Kitonga ishuke na gia ile ile ambayo ungepandia, egzosti breki (inayobana moshi wa injini) ikiwa imewashwa tangu juu, si baada ya kusikia harufu.