Chumba cha kusomea Tabora mjini: wafuga nyuki, nendeni

Viti vya mbao, taa inatosha, ada ni ndogo. Kilichonifanya niandike ni jinsi mkutubi wao alivyopanga vitabu.

Wanatumia namba za Dewey, mfumo wa Marekani wa mwaka 1876 unaogawa elimu yote mafungu 10. Humo ufugaji nyuki uko 638, misitu 634.9, mimea 580 na kuendelea, biashara 658. Rafu nne, tena mbalimbali! Sisi wa Sikonge hatuwezi kuyatenganisha hayo. Muulize mzee kwa nini asali ya msimu huu ni nyeusi, atakutajia miti iliyochanua. Myombo na mtundu ndimo nyuki wanamopata chakula, na magome ya miti hiyo ndiyo tunayotengenezea mizinga ya asili. Ukishaubandua mti gome lote, unakufa. Kijana akiishia 638 anaondoka na habari za mizinga na moshi, za msitu hana. Kesho anabandua mwingine.

Dada yule mkutubi hakufuta namba hata moja. Ametenga rafu karibu na dirisha, kaviweka pamoja vya nyuki, vya miombo na vya kuuza mazao. Pale kitabu kilipotoka ameacha kadi nene iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, "Kipo kwa nyuki." Nilifuata kitabu cha kurina asali, nikaazima na cha miti ya miombo kilichokuwa ubavuni mwake. Nisingekwenda kukitafuta kwenye rafu ya misitu.

Kwenye dini sijaridhika. Ukristo umepewa kuanzia 220 hadi 289, Uislamu umebanwa kwenye 297 peke yake. Huu ni mji wa misafara ya pwani, una Waislamu tangu karne ya 19. Mtoto anaziona rafu hizo na kupima dini ipi ni kubwa kabla hajafungua kitabu. Ngano za Kinyamwezi nazo ziko 398 pamoja na mila na desturi, wakati mashairi ya Kiswahili yako 896, kwenye fasihi. Kwangu ngano za bibi ni fasihi kamili.

Nilimwomba mkutubi azitengee ngano nazo rafu. Akasema nafasi ipo, vitabu ndivyo vichache. Mwenye navyo nyumbani avipeleke, wanapokea hata vilivyochakaa.